Kiti cha Jumbe na Ngozi ya Kanga

Jumbe wetu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko cheo chake, nalo ni "Unaonaje?" Alikuuliza unaonaje kuhusu mawingu, kuhusu kikohozi cha mbuzi, kuhusu mtu aliyempiga mkewe jana. Ukishajibu alitikisa kichwa taratibu, akanusa tumbaku yake, kisha akafanya lile alilokuwa ameliamua tangu asubuhi. Mimi niliolewa jirani yake, tembe zetu zikiegemeana ukuta mmoja, na kwa miaka yote ya Wajerumani niliulizwa "unaonaje" mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za nyumbani. Nilijibu kila mara, maana mimi ni mtu wa kujibu.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mazoea ya kucheka kabla ya kusema jambo, kwa hiyo watu walikwisha kucheka nusu kabla hawajajua wanachekea nini. Kesi nyingi zilimalizikia hapo. Maziwa aliyanywa amefumba macho. Mlevi akimtukana, alimwomba arudie polepole, asije akasahau tusi zuri. Amri za boma alizisoma kwa sauti nzito, kisha akakaa kimya mpaka kila mtu aelewe kwamba yeye naye hazimpendezi.

Kuhusu uchoyo wake, watu hawakupatana. Asiye na ng'ombe alipewa maziwa katika zizi la Jumbe bila kuulizwa maswali, na watoto wa wajane walikuja na vibuyu vyao kama wanaokuja kwa nyanya yao. Lakini nyama! Nyama ya Jumbe ilikuwa mvua ya kiangazi: inasemwa, hainyeshi. Alikuwa na zizi limejaa, na sijui kama katika miaka yangu pale niliona akichinja kitu kikubwa kuliko mbuzi.

Na hapo ndipo kinapoingia kiti.

Kilikuwa cha Mzungu mmoja aliyepita akipima njia ya reli, akitokea upande wa Gulwe. Kiti kipana, chenye mikono, miguu yake imechongwa makucha. Wapagazi walikibeba mpaka kwetu, wakakitua, wakasema hapa ndipo mwisho wa shingo zao. Mzungu akakitazama, akaona kitambaa chekundu kimepasuka katikati, akakiacha. Jumbe akakiingiza uani kwake, na kile chenye makucha kikaanza kututawala.

Ndani ya tundu yalichungulia manyoya meusi, marefu, magumu. Bibi mmoja akavuta unywele mmoja, ukatoka mrefu kuliko mkono wake, akatangaza kwamba Wazungu hukalia nywele za watu waliokufa. Kwa majuma mengi hakuna mtoto aliyekubali kunyolewa. Aliyetutuliza ni fundi wa ngozi, Mrangi wa milima ya Kolo, mtu wa swala tano, aliyekuja kila kiangazi na punda wake kutushonea mikanda na mifuko. Alinusa, akapikicha vidoleni, akasema, "Singa za farasi hizi. Mkia mtupu. Na nyie mnaukimbia mkia."

Huyo fundi ndiye aliyetuletea njaa. Jumbe alimwuliza, "Unaonaje, kiti hiki tukifunike upya au tukiache?" Fundi akakizunguka, akakipima kwa shibiri, akabonyeza, akaguna. Kitambaa cha dukani kisingefaa, kingepasuka kabla ya mavuno. Ngozi ya mbuzi ingefunika goti moja la Jumbe. "Hapa panataka ngozi ya maksai aliyekomaa," alisema, "ngozi pana, isiyo na kovu." Sote, bila kuambiana, tukageuza shingo kutazama zizini.

Pale alisimama Kanga. Tulimwita hivyo kwa madoadoa yake, meupe juu ya meusi, kama kanga wa porini. Alikuwa maksai mkubwa, asiyezaa, asiyekamwa, ambaye kazi yake katika dunia hii ilikuwa kula na kutangulia mbele ya wenzake wakitoka malishoni. Na kwetu ng'ombe hachinjwi akaliwa na mwenyewe mlango umefungwa. Kila mtu ana fungu lake analijua, na mimi, jirani wa ukuta mmoja, langu lilikuwa kipande cha ubavu. Kidogo, lakini changu.

Tangu siku ile, nadhani hawajapata kutokea watu walioumizwa na tundu la kiti wasichokikalia kama sisi. Mtu alikuja kushitaki mbuzi aliyekula mtama wake, akitoka alisema, "Jumbe, kiti hicho kinatutia aibu." Wazee walikuja asubuhi kupima kama tundu limepanuka usiku. Wanawake tulipika pombe ya mtama, tukampelekea mtungi mzima ili imsaidie kuamua. Aliinywa vizuri sana, akatuita tukae, akauliza kila mmoja unaonaje: ngozi yenye manyoya au isiyo na manyoya? Madoa yakae mgongoni au yakae makalioni? Tuligombana mpaka jua likaelekea kuzama na mtungi ukawa mtupu. Kisha akasimama, akajifuta midomo.

"Pombe haingoji, ndiyo maana tumeimaliza," alisema. "Kiti hakina haraka."

Mwaka uliofuata tukapika tena. Sijui vichwa vyetu vilikuwa vya nini.

Halafu akatuwekea sharti. Mtu mmoja alikuwa na ngozi ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa, akaitoa bure. Jumbe akarudi nyuma hatua mbili. Ngozi ya mfu wa ugonjwa, alisema, haikaliwi na mwamuzi wa kesi, hukumu zitaoza. Hatukuwahi kusikia sharti hilo kwa babu zetu, lakini tulilishangilia, maana liliusogeza ubavu wa Kanga karibu na chungu.

Katika kijiji kizima, mwanamume mmoja tu hakuwa na maoni juu ya kiti, naye ni mume wangu. Jioni alikwenda kukaa na Jumbe, akamkuna Kanga shingoni, akarudi. Nilidhani anajipendekeza kwa mkubwa.

"Wewe ni mwanamume gani usiyetamani nyama?" nilimwuliza.

"Kiti si changu," alinijibu.

"Na mimi si changu! Mbona nasema?"

Alicheka, akageukia ukuta.

Sasa niseme habari ya Bwana wa boma, maana bila yeye kiti kingebaki mchezo. Alikuja wakati wa palizi, ana askari wake na ombasha mmoja mwenye masharubu, kutaka watu wa kulima barabara. Mtu aking'olewa shambani wakati wa palizi, nyumba yake italala njaa. Hilo boma halikulijali. Tulisimama uani tumeinamisha vichwa. Jumbe akacheka kwanza, kama desturi yake, akakionyesha kiti.

"Bwana amekuja wakati mzuri. Tuna shauri limetushinda hapa. Bwana anaonaje, kiti kama hiki kwao hufunikwa na nini?"

Basi nikajifunza siku ile kwamba hakuna mtu, mweupe wala mweusi, anayeweza kukizunguka kiti kibovu bila kutoa maoni. Bwana aliinama. Akaingiza mkono tunduni. Akasema ngozi ikwanguliwe manyoya. Ombasha, aliyejaliwa ujasiri wa ajabu, akasema manyoya yabaki, ndio uzuri. Bwana akamkemea, ombasha akaomba radhi, kisha akalirudia lile lile kwa njia nyingine. Waliendelea mpaka kivuli kikafika ukutani, na watu wa barabara wakawa hawajachaguliwa. Bwana akasema atawachukua kijiji cha mbele.

Lakini alipokuwa anapanda nyumbu wake aligeuka, akamnyooshea Kanga fimbo.

"Ngozi ya yule. Si nyingine. Nikirudi nitakalia kiti hiki. Nikikikuta hivi, utapata viboko hamsa ishirini. Ni amri."

Tulimsindikiza kwa vigelegele. Kwa mara ya kwanza serikali na sisi tulitaka kitu kimoja.

Jumbe alibadilika. Alianza kupita nyumba kwa nyumba, mikono mgongoni, akiuliza kama kuna ngozi pana ya maksai aliyechinjwa, hata kama ni kuukuu. Alikuwa na wazo la kuipaka madoa kwa masizi na chokaa ili Bwana aione ya Kanga. Ngozi zilikuwapo, bila shaka. Sisi ni watu wa ng'ombe, tunazilalia. Lakini siku zile kijiji chote kikawa hakina ngozi hata moja. Ziliingia maghalani, chini ya kuni, chini ya nyanya waliojifanya wagonjwa. Watu walilala juu ya vumbi wakiota nyama. Kwangu mume wangu alianza kukunja ngozi ya kitanda chetu ili ampelekee, nami nikaikalia.

"Mtu ana zizi limejaa, aje kuomba kitanda cha maskini?" nilisema. "Achinje!"

Mume wangu akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Fundi wa Kolo akaitwa. Alikuja amenoa kisu, maana hakula nyama asiyoichinja mwenyewe. Kanga akatolewa zizini. Vyungu vilikuwa vimepangwa, kuni zimepasuliwa, na mimi nilikuwa na chumvi kiganjani. Jumbe alimshika Kanga sikio, akasimama naye muda mrefu. Hakumwuliza mtu unaonaje. Ndipo moyo wangu uliposhituka, nikajua nyama imetuponyoka.

"Mrudisheni," alisema.

"Jumbe," fundi alisema kwa upole, "Bwana anakuja kesho."

"Na aje."

Akaja. Akakiona kiti na tundu lake. Ombasha ndiye aliyepewa kiboko, na Jumbe alilazwa kifudifudi pale pale uani, kando ya makucha ya kile kiti, sote tukitazama. Hakulia. Mimi nililia, niliogopa, niliona aibu kumwona mtu mzima vile. Na nitasema ukweli, nilikasirika pia. Ni mchoyo wa namna gani anayekubali kuchanika mgongo kwa ajili ya mnyama asiyekamwa? Bwana alipoondoka alisema amri yake imesimama palepale: maksai yule ni wa kiti kile, asitumiwe kwa kitu kingine chochote. Hatukumwona tena. Tulisikia amehamishwa, wengine walisema amerudi kwao.

Tulimkanda Jumbe kwa samli. Fundi, akiwa amechutama kando ya kichwa chake, akauliza, "Sasa kile kiti, Jumbe?"

Jumbe aligeuza shavu moja. "Kwa siku hizi, fundi wangu," alisema, "kiti cha nini?"

Alicheka yeye kwanza, kama kawaida, akaumia kwa kucheka, akacheka tena. Lakini sisi hatukumsamehe. Wanawake tulimtungia wimbo wa kutwangia, wa bwana anayempenda ng'ombe kuliko ngozi yake mwenyewe. Akapita kinuni, akatuomba tuurudie.

Vita vilipofika, mambo ya kiti yalisahaulika. Mume wangu alichukuliwa upagazi na askari. Asubuhi ile alipita kwanza zizini kwa Jumbe, ndipo akaja kuniaga, nami nikaona uchungu kwamba mwenye zizi ametangulizwa. Baadaye askari walirudi tena, safari hii kwa ng'ombe, na aliyewaongoza alikuwa yule ombasha mwenye masharubu. Walipoanza kutoa ng'ombe zizini mwa Jumbe, kilio kilizuka nje ya ua. "Wangu huyo!" "Uwii, ndama wangu!" Kwetu mtu haweki mali yake yote zizi moja. Huwatawanya ng'ombe kwa marafiki, kimya kimya, ili ugonjwa au shemeji asiwamalize mara moja, na mwenye kutunza hanywi ila maziwa. Siku ile midomo ilifunguka yenyewe, na ikajulikana kwamba tajiri wetu alikuwa akitunza ng'ombe wa watu. Wake mwenyewe hawakutosha kujaza kivuli cha mlango.

Ombasha akamfikia Kanga. Jumbe akamwahi, akiwa ametulia kabisa.

"Mchukue, ombasha. Ila huyo ni ngozi ya kiti cha Bwana. Asitumiwe kwa kitu kingine. Amri uliisikia, tena wewe mwenyewe uliniandikia mgongoni."

Ombasha akamtazama Kanga. Akakitazama kiti, kilichokuwa bado na tundu lake. Akatema mate, akawaambia askari wake wamwache huyo, watangulie na wengine. Nilisimama pale nikasema moyoni: mzee huyu ana uchoyo wenye akili.

Habari za mume wangu zililetwa na mpagazi mwenzake aliyerudi na miguu imevimba. Aliugua tumbo njiani, wakamzika kando ya njia. Sijui ni wapi. Kaka zake walikuja kwa msiba, na msiba ulipokwisha wakaanza kugawana. Walichukua mbuzi, majembe, mtama wa ghalani. Waliondoka wakiburuta hata ile ngozi niliyoikalia. Mkubwa wao alisema na mimi nitamfuata, nitakuwa mke wake wa tatu. Nikamjibu kwa lugha ya Jumbe, kwamba nitalifikiria. Nilibaki na mtoto mgongoni, mtungi mmoja, na mvua haionyeshi dalili.

Asubuhi iliyofuata Jumbe akaniita. Nilimkuta kwenye kigoda chake cha mti, kando ya kiti. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Kiti kilikuwa kimechujuka kama udongo, na kuku alikuwa ametaga katika zile singa za farasi.

"Mbukwa, mkamwana."

"Mbukwa, baba."

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Wote? Hakuna aliyesahau kitu akasema atarudi?"

"Kisahauliwe nini, baba? Wamebeba hata kifuniko cha chungu."

Akacheka kabla ya kusema, nikajua kuna jambo. "Keti," akanionyesha kiti. Sikuwahi kumwona mtu akikikalia. Nikakaa ukingoni, kuku akaruka akipiga kelele, na Jumbe akangoja mpaka amalize.

"Mumeo alimleta Kanga hapa akiwa ndama," alisema. "Wewe ulikuwa hujaolewa bado. Akaniambia, kaka zangu wana pua ndefu, nifichie. Nikamwambia, kijana, wenzako huficha mbali, wewe unaishi ukuta wa pili. Akasema, ndiyo maana. Nani atamtafuta ukuta wa pili? Asubuhi waliyomchukua alipita hapa. Akasema akirudi, mtaamua wenyewe. Asiporudi, ni wa mke wake."

Niliishika mikono ya kiti. Mimi, mtu wa kujibu. Nilimtazama Kanga zizini, peke yake, mnene, akitafuna bila wasiwasi, na miaka yote ile ikanijia: pombe niliyopika, chumvi kiganjani, vigelegele. Nilikuwa nikililia ng'ombe wangu mwenyewe achinjwe ili nipewe kipande cha ubavu. Na mume wangu akageukia ukuta akicheka! Nilimkumbuka alivyofungua mdomo akaufunga, nikaanza kulia kwa kumtamani, na katikati ya kilio kicheko kikanishika, na mtoto mgongoni akaamka akatushangaa.

"Ulichapwa," nilisema nilipoweza. "Mgongo wako, baba. Ungesema tu kwamba si wako."

"Ningesema asubuhi, kaka zake wangefika jioni. Nani angewapelekea habari?" Alinitazama kwa jicho moja. "Mdomo wako naujua, mkamwana. Nimeuuliza maoni miaka mingi."

"Na sasa je? Ungenyamaza tu. Aliyejua amekufa."

"Nilifikiria," alisema. Alinusa tumbaku, akapiga chafya, akajifuta macho pole pole kuliko ilivyohitajika. "Yule kijana alikuwa akija kila jioni. Hakuwahi kuniuliza kama ng'ombe wake yupo. Alimkuna tu shingo, akarudi kwake."

Nje ya ua nilisikia minong'ono. Habari kwetu hazihitaji miguu. Vichwa vilikuwa vimekwisha kujipanga juu ya miiba ya ua, na jirani mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa amekuja na chungu kabisa.

Jumbe akaviona, akaweka mikono magotini, akapaza sauti ili kila mtu asikie, awe shahidi hata shemeji zangu wakirudi.

"Basi, mwenye ng'ombe. Kiti ndicho hicho umekikalia, tundu unalisikia mwenyewe. Tukifunike au tukiache? Unaonaje?"

Nilijiweka sawa juu ya singa za farasi, nikautazama ule ua wote uliokuwa ukimeza mate.

"Kiti hakina haraka, baba."